Fahali Hakutoka Bomani

Mkaguzi Shariffa binti Nasor alikuwa ameambiwa na mkubwa wake aifunge kesi ya fahali kabla ya adhuhuri, na kwa mkubwa wake haikuwa kesi ya kumtoa mtu jasho. Mfanyakazi katoroka. Ng'ombe katoweka. Shamba moja, usiku mmoja. Unganisha, tia sahihi, nenda kale.

Kilichomkwamisha ni simu. Tangu Alhamisi, mwanamke wa Kiganda aliyejitaja kuwa Nalubega, mtumishi wa nyumbani kwa hao hao wenye ng'ombe kule Ansab, alikuwa akipiga kituoni kila alipopata upenyo, kwa sauti ya mtu aliyejifungia chooni. Wala hakuwa akiulizia ng'ombe.

"Afande, Tumusiime ni mchumba wangu. Hapa nyumbani hawajui. Hawezi kuondoka bila kuniambia. Amepatwa na kitu." Kisha yanasikika maji ya choo, na simu imekatika.

Kwa hiyo Jumamosi asubuhi, wakati Maskati nzima imejilaza kwenye mito, Shariffa alikuwa amesimama shambani nje ya Qurayyat, mbele ya boma la udongo, pamoja na Sajini Loay, ambaye alikuwa hajanywa chai na alitaka ulimwengu mzima ujue.

Boma lenyewe lilikuwa la mviringo. Masuri, maboma ya kale ya Oman, mengi yana pembe nne, ila aliyejenga hili alizungusha tu, kama anayechora sahani. Ukuta ulikuwa wa matofali ya udongo, mnene kuliko urefu wa mkono. Ndani yake mlikuwa na zizi la mbuzi, zizi la fahali, ghala la tende lisilo na tende na chumba cha mfanyakazi. Mlango ulikuwa mmoja tu. Na kwenye huo mlango mmoja, kichwa chenye kofia kilikuwa kinachungulia kutoka ardhini.

"Bibi," Loay alinong'ona, "tumekuja kutafuta ng'ombe, tumepata Mzungu kaota."

Kichwa kilikuwa cha Daktari Orla, mwanaakiolojia kutoka Ireland, mama wa makamo aliyebabuka pua kwa jua. Alikuwa amepewa kibali cha kupima boma, na tangu Jumatatu alikuwa amechimba handaki lililokata njia yote ya mlango kutoka ukuta hadi ukuta, la kina cha kiunoni, ili ajue mlango ule una umri gani. Aliyetaka kuingia alipita juu ya ubao. Shariffa aliupita, na ubao ukalia kama paka aliyekanyagwa mkia. Loay, mwenye kitambi cha kuheshimika, alisoma Bismillahi kwa sauti.

"Jumatano jioni ulikuwapo?" Shariffa alimuuliza kwa Kiingereza.

"Niliondoka alasiri. Niliwaacha Tumusiime na fahali. Na Alhamisi asubuhi nikakuta watu wamenichezea handaki langu." Daktari alionyesha kwa mwiko wake. "Kingo nilizoziacha zina ncha. Nimekuta zimechongwa upya, na chini kumemwagwa maji. Vigingi vyangu viling'olewa, vikarudishwa, kamba zake zimefungwa kwa fundo ambalo mimi silifungi. Bwana Hatem akaniambia mbuzi alitumbukia."

Hatem alikuwa ndiye mwenye shamba, mtoto wa nyumba ile ya Ansab, na ndiye aliyeripoti wizi Alhamisi hiyo hiyo. Maelezo yake Shariffa aliyajua kwa moyo. Fahali wake Zilzal, mpiganaji aliyekuwa apambane na fahali mwenzake uwanjani Ijumaa, kaibwa na mchungaji wake. Mchungaji kamtoa kwa nyuma, pale ukuta ulipobomoka. Gari lilikuwa likiwangoja upande wa pili. Ng'ombe na mtu wote wameingia milimani.

"Twende huko nyuma," Shariffa alisema.

Ukuta wa nyuma ulikuwa umeporomoka kweli, mvua za mwaka juzi zikiwa zimeushusha nusu. Kifusi kilijimwaga ndani na nje kama ngazi mbaya, na kipande kilichobaki kusimama katikati kilimfika Loay kifuani. Juu yake palikuwa na nywele nyeusi za ng'ombe, shungi zima, limeshikwa na jiwe vizuri kabisa. Nje, chini ya kifusi, palikuwa na mavi ya ng'ombe.

"Basi tumemaliza," Loay alisema. "Nywele hizi, mavi haya. Kilichobaki ni yeye mwenyewe aje atie kidole gumba."

"Yaangalie hayo mavi."

"Bibi, nimesoma mpaka kidato cha nne ili nisiangalie mavi."

"Yaangalie, Loay."

Loay akachuchumaa. Akayaangalia kushoto, akayaangalia kulia. Ng'ombe anayeswagwa kwa haraka hudondosha akienda, hapa kidogo, pale kidogo. Haya yalikuwa fungu moja, na ubavu wake mmoja ulikuwa umenyooka, una mng'ao, kama kipande cha halua kilichokatwa kwa kisu.

"Beleshi," alisema Loay, na safari hii hakucheka.

"Na kwato?"

Kwato hazikuwapo. Udongo wa nje ulikuwa laini, alama za viatu vya Loay zilikuwa zimezama humo wazi. Ng'ombe wa uzito wa pikipiki nne kuruka ukuta wa kifuani na kutua pale bila alama, huyo angekuwa amepaa.

Daktari Orla alikuwa amewafuata, akipangusa udongo kwenye suruali. Hakuna aliyemuuliza, lakini wasomi hawangoji kuulizwa.

"Kwetu Ireland maboma kama haya yako maelfu kwa maelfu," alisema. "Yana zaidi ya miaka elfu moja. Ya mviringo vilevile. Tuta la udongo, na handaki nje yake. Watu huyaita ngome, wakidhani wafalme walipigania humo. Hakuna. Yalikuwa ni mashamba. Mume, mke, watoto, watumwa kama wanao, na ng'ombe. Mtu alipimwa kwa ng'ombe zake, na vijana wa ukoo wa pili hawakuwa na mchezo mwingine ila kuja kuziiba."

"Na ukuta uliwazuia?" Shariffa aliuliza.

"Hapana! Hapo ndipo watu wanapokosea. Tuta lile hata mimi na goti langu hili nalipanda. Mwizi kuingia ni rahisi. Kazi ni kutoka na ng'ombe. Ng'ombe hapandi tuta gizani akiswagwa na mtu asiyemjua. Atatoka mlangoni tu, na mlangoni ndipo mwenye nyumba alipolala. Ukuta ule haukuwekwa kumzuia mtu. Uliwekwa kumzuia ng'ombe."

Shariffa aliutazama ukuta, kisha akatazama upande wa mlango, kwenye handaki na ubao unaolia kama paka.

"Mpaka leo wakulima wetu hawathubutu kuyalima," Daktari aliendelea, kwani alikuwa kwenye mteremko. "Wanasema yana wenyewe, viumbe wa chini ya ardhi."

"Anasema nini?" Loay aliuliza kwa Kiswahili.

"Kwao maboma yana majini."

"Kumbe hata Ulaya majini wamejenga! Mie hapa kiwanja changu cha Ansab mwaka wa saba sijaweka tofali."

 Shariffa alirudi mlangoni.

"Daktari, tangu Jumatatu fahali alitoka hata mara moja?"

"Atokeje? Tumusiime alimletea majani, akipita na mzigo kichwani juu ya ubao. Kila siku ananiuliza, 'Daktari, unafunga lini? Ng'ombe anataka kutembea.' Nilimwahidi Jumapili."

"Basi hakutoka," alisema Shariffa. "Mlangoni kuna shimo, nyuma kuna ukuta. Zilzal hakutoka humu."

Wakapekua. Zizi la fahali lilikuwa tupu, limefagiliwa mpaka linatia aibu. Kwa desturi ya mazizi, hilo peke yake lilitosha kumkamata mtu. Chumba cha Tumusiime kilikuwa na kitanda, picha ya ng'ombe wa Ankole wenye pembe kama mikono ya mtu anayeomba, na begi lililofungwa zipu. Chini ya kitanda kulikuwa na viatu vyake vya kutokea, vimepakwa rangi vikang'aa.

"Kaenda milimani na nini, soksi?" Loay alisema. Halafu akaona sura ya mkubwa wake, akafunga mdomo.

Daktari alikuwa amerudi shimoni, na sasa aliwaita kwa furaha ambayo asubuhi ile haikuwa na mahali pa kukaa.

"Hii lazima muione. Sikuiona Jumatano. Alhamisi, baada ya hizo kingo kuchongwa, imejitokeza." Chini kabisa, kwenye kona, mlikuwa na utando wa udongo mweusi, mpana kama mkeka wa kuswalia. "Tabaka la jiko la kale. Majivu, pengine mafuta ya nyama. Huenda ndio umri wa boma lote. Nimeshachukua sampuli!"

Shariffa akashuka handakini. Januari ile nzi walikuwa wachache, lakini waliokuwapo Qurayyat nzima walikuwa wamekutana kwenye kona ile. Jiko lililozimika karne tano nyuma haliiti nzi. Akainama, akanusa. Kisha akaomba mfuko wa nailoni.

"Daktari," alisema alipoupanda ukingo, "nakuomba usichimbe tena leo."

"Kwa nini? Ni jiko."

"Si jiko."

Mwairishi alimtazama, akawatazama nzi, na mwiko ukamteremka mkononi taratibu. Alikuwa ameiweka sampuli ile hotelini kwake siku mbili, kwenye friji, pembeni ya jibini.

*

Nyumba ya Ansab ilikuwa na ukuta wake yenyewe, wa saruji, na geti la chuma lenye nakshi. Bi Zakiya, mama yake Hatem, aliwapokea kwa mikono miwili na kwa Kiswahili cha Unguja ambacho miaka arubaini na zaidi ya Oman haikukitoa hata chumvi.

"Karibuni, karibuni wanangu! Weye si binti wa Nasor wa Malindi? Uso wote wa bibi yako! Jumamosi wanakutumeni kazi, hawana watoto hao? Hatem! Hatem, njoo, polisi wako wamekuja. Ingieni, chakula kishapakuliwa."

"Bi Zakiya, tumekuja kwa kazi, hatukai..."

"Kazi gani inayofanywa na tumbo tupu? Nalubega! Leta sahani mbili zaidi!"

Kumkatalia Bi Zakiya chakula kulihitaji kibali cha mahakama. Wakakaa kwenye zulia. Hatem akaja, kijana wa miaka thelathini, kanzu ya dishdasha nyeupe, jicho jekundu la mtu asiyelala. Akasalimia, akakaa mbali kidogo na sinia. Na Nalubega akaingia na sahani.

Shariffa aliijua sauti yake tu. Sasa akaona mwanamke mdogo, mwembamba, mtandio umefungwa kwa haraka, macho yamevimba na hayaangalii mtu. Aliweka sahani. Mkono wake uligusa bega la Shariffa, ukabana kidogo, ukaondoka.

Pilau ilikuwa na harufu ya kumfufua mtu. Ilipofika nyama, ikawa habari nyingine. Loay, ambaye hajawahi kushindwa na kitu kilichopikwa, alitafuna, akahamishia shavu la pili, akatafuna tena, akamwangalia Shariffa kwa macho ya kuomba msaada.

"Mnanisamehe na nyama," Bi Zakiya alisema. "Wallahi imenitia aibu. Tangu Alhamisi iko kwenye moto, kwenye presha, na papai bichi tumetia. Hailainiki! Majirani wote nimewapelekea, na wote wananiuliza, 'Bi Zakiya, umetuchinjia gari?'"

"Mama," alisema Hatem.

"Nini? Si kweli? Hatem kachinja sadaka, ya kuondoa balaa hii ya wizi. N'kamwambia vyema mwanangu, chinja, wape watu. Lakini ungechagua kinyama kichanga, weye umechukua babu wa mababu."

Shariffa akaweka tonge chini.

"Umemnunua wapi, Hatem?"

"Sokoni. Soko la wanyama."

"Lini?"

"Alhamisi."

"Alhamisi asubuhi ulikuwa kituoni unaripoti. Nilikuona mwenyewe."

"Baada ya hapo. Mchana."

"Nani kakuchinjia?"

"Watu wa huko huko sokoni."

"Na kichwa je?"

 Aliyejibu ni mama yake, na alijibu kwa uchungu wa mpishi aliyedhulumiwa.

"Ah, hapo umenigusa! Mie n'nampenda mtu akichinja aniletee makongoro, nifanye supu, na kichwa, na utumbo. Kaniletea minofu mitupu, imetiwa kwenye magunia kama mkaa! Miguu minne ng'ombe anayo, nimeona hata kwato moja? N'kamuuliza, kasema kawapa masikini. Masikini gani hao wanaokula kichwa wakaacha paja?"

"Mama, khalas, inatosha," alisema Hatem kwa Kiarabu.

"Alhamisi saa ngapi uliyapokea hayo magunia, bi?"

"Mie nilikuta yako jikoni nilipoamka kwa alfajiri."

 Bi Zakiya aliangalia nyuso zao moja moja, akitabasamu bado, kama mtu aliyesimulia kichekesho na kucheka kukachelewa. Alfajiri ilikuja kabla ya kituo, kabla ya ripoti, kabla ya sokoni. Loay alikuwa na nyama mdomoni. Aliitoa polepole kwa vidole viwili, akaiweka ukingoni mwa sahani, na hakufanya mzaha wowote.

"Mashabiki wote wanamjua Zilzal kwa pembe," alisema Shariffa. "Ile ya kushoto iliyovunjika ncha. Ndiyo maana kichwa hakikuja. Na miguu hukuileta kwa sababu mmoja umevunjika. Alitumbukia handakini kwa Mwairishi, sivyo? Ukamchinja mle mle. Damu bado ipo, nimeichota asubuhi hii."

"Ng'ombe wangu," Hatem alisema kwa sauti ndogo. "Mtu kumchinja ng'ombe wake si kosa."

"Si kosa. Mbona basi ukasema kaibwa?"

Hapo ndipo Nalubega, aliyekuwa bado amesimama mlangoni na jagi la maji, alipoliweka jagi chini. Akatia mkono mfukoni mwa aproni, akatoa karatasi ya tishu iliyokunjwa, akampa Shariffa.

"Nilikuta hii siku ile nakatakata. Kwenye nyama ya shingo," alisema. "Nilifikiri ni ya bucha."

Ndani ya tishu mlikuwa na sindano nene, ya mifugo, imekatika katikati.

Shariffa akaiinua kwenye mwanga. Zilzal alikuwa na mpambano Ijumaa. Hatem alikuwa ameshindwa mara mbili mfululizo msimu ule. Hilo lilikuwa kwenye faili, Loay alilipata kwa kuongea na wazee wa uwanjani.

"Ulimdunga nini?"

 Hatem alikuwa anaiangalia sindano.

"Tumusiime alikukataza," Shariffa aliendelea. "Yule ni Mnyankole, kazaliwa kwenye ng'ombe. Alijua huyu haongezwi hasira. Umedunga, sindano imekatikia shingoni, na fahali akapanda wazimu. Nani alikuwa karibu naye?"

"Yeye ndiye aliyeshika kamba," alisema Hatem.

Bi Zakiya akajishika kifua. "Hatem. Unasema nini, mwanangu?"

Akasema. Hakuna aliyemlazimisha, ilitoka kama tapishi, Kiswahili na Kiarabu vimechanganyika, na Shariffa aliiacha itoke. Jumatano baada ya magharibi. Tumusiime alisema usifanye, bosi, huyu ana hasira tayari, siku tatu hajatembea. Yeye akamwambia ashike kamba au aondoke kazini. Sindano ilikatika. Zilzal alimbana Tumusiime ukutani kwa pembe, akamchoma, akamwachia, akamrudia. Kisha akakimbilia mlangoni, njia pekee aliyoijua ya kutoka, na handaki likammeza, mguu wa mbele ukavunjika, kwa sauti kama ya kuni inayovunjwa.

"Alikuwa anakata roho," Hatem alisema. "Macho yameshageuka. Ikabidi nimuwahi."

"Umuwahi?"

"Akifa mwenyewe si mzoga? Nyama yote ile haramu, ya kutupwa. Nikashuka na kisu. Nikamgeuza kibla, peke yangu, sijui nguvu nilizipata wapi. Nikasoma. Nilimuwahi, wallahi. Damu ilitoka vizuri."

Alilisema hilo la mwisho akimwangalia mama yake, kama mtoto anayeonyesha daftari.

Bi Zakiya alikuwa amelea watoto sita kwa kanuni hizo: usitupe chakula, usile mzoga, mpe jirani. Alilitazama sinia. 

"Na mtu?" aliuliza. "Mtu ulimuwahi, Hatem?"

"Mtu alikuwa keshakufa, mama."

"Una hakika?"

"Keshakufa. Palepale ukutani, mara moja. Ningefanya nini? Ningeita gari la wagonjwa limfanyie nini maiti? Nimemwosha mwenyewe. Shuka jipya nimemtia. Nimemzika ubavu wa kulia, nyuma ya ghala la tende, nimemfanyia kama ningemfanyia ndugu yangu. Ile ripoti ya kutoroka... nilijua hakuna atakayeuliza. Wanatoroka kila siku. Nani anauliza?"

Hilo, angalau, lilikuwa kweli. Shariffa alikuwa amefunga kesi za namna hiyo hata hazikumbuki. Akamwashiria Loay, na Loay akatoka barazani kupiga simu Qurayyat, waende na mabeleshi, waende na daktari wa polisi, wasiwe na haraka.

"Simama, Hatem," alisema. Alitoa pingu. Hatem akasimama, akanyoosha mikono bila kuambiwa.

Nalubega hakuwa amelia. Alikuja mpaka katikati ya zulia, akasimama mbele ya kijana yule ambaye kwa miaka miwili alimpigia pasi madishdasha, na kwa mara ya kwanza akamwangalia usoni. Vidole vyake vilinuka bizari. Siku tatu alikuwa akisimama jikoni juu ya sufuria ile, akiichoma nyama kwa uma, akiongeza maji, akijiuliza mchumba wake yuko wapi.

"Bosi," alisema. "Mimi sitaki kesi. Nataka kujua kitu kimoja nimwambie mama yake. Alisema nini?"

"Nani?"

"Tumusiime. Alisema nini?"

"Sijui," Hatem alisema. "Alikuwa anaongea kilugha chao. Sikumwelewa."

Aliisikia kauli yake mwenyewe alipokwisha kuitamka. Bi Zakiya alifunika uso kwa mtandio. Barazani sauti ya Loay ilikuwa inaeleza njia: ukipita mitende, kata kushoto, utaliona boma. Shariffa alibaki na pingu wazi, mkono mmoja wa Hatem umefungwa, mwingine bado.

"Muda gani?" aliuliza Nalubega.

Hatem aliangalia chini.

"Aliongea muda gani, bosi?"

"Mpaka nikamaliza kuchuna," alisema.